Zawadi ya kitabu cha ajabu: Mzazi achague vipi?

MTUME Muhammad (S.A.W.) ametuusia kupeana zawadi ili tupendane. Idi inapokaribia wengi wetu hukumbuka nguo na viatu. Ni wachache wanaokumbuka kitabu. Na mtoto wa miaka 11 akiomba hadithi za majoka na watoto wachawi, mzazi huingiwa na hofu: je, si nitakuwa nimemnunulia mwanangu sihiri kwa fedha yangu mwenyewe?

Hofu hiyo ina msingi. Surat al-Baqara, aya ya 102, imeikemea sihiri na kuwatahadharisha wenye kujifunza. Hata hivyo, si kila jambo la kubuni ni sihiri. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliona miongoni mwa wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.) farasi mwenye mbawa mbili. Alipouliza, Bibi Aisha alimjibu kuwa Nabii Suleiman (A.S.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Hadithi haitaji karipio lolote.

Basi, ndugu mzazi, kabla ya kununua soma kwanza sura mbili tatu, kisha jiulize. Je, uchawi humo ni pambo la kisa, au ni elimu inayosifiwa na kutamanisha? Je, mwongo na dhalimu hufikwa na nini mwishoni? Je, lugha yake ataimudu, au kitabu kitabaki kabatini?

Hazina ya Kiswahili ipo. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, kina majini na ndugu wawili wanaogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda yao. Lakini kiini chake ni wema na msamaha. Mtoto aliyegombana na nduguye atajiona humo. Zipo pia ngano za Kalila na Dimna, alizozitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, ambamo wanyama husema na wanadamu wakapata mazingatio.

Vipi ikiwa tayari anasoma Harry Potter, vilivyoanza kutoka mwaka 1997? Humo uchawi ni somo la darasani, na mzazi ana haki ya kukataa. Lakini akatae kwa maneno, si kwa kunyang'anya. Mtoto aliyenyang'anywa kitabu pasipo kuelezwa sababu atakisoma chini ya shuka, na huko hatakuwapo wa kumwambia kipi ni cha kubuni na kipi ni itikadi. Ukikaa naye ukamuuliza, "Mwanangu, wewe ungefanyaje?" utajua moyo wake ulipo.

Zawadi, basi, haiishii dukani. Nusu yake ni kitabu. Nusu ya pili ni mzazi aliyekaa kusikiliza.

Wabillahi tawfiq.