Nembo ya boneti ikivunjika: ibadilishe mwenyewe, ila usinunue gari kwa kuangalia nembo



Mpunga ukishauzwa, wengi wenu hela mnaipeleka kwenye pikapu au trekta la mtumba. Ni uamuzi mzuri, maana usafiri wa kukodi unakula faida. Sasa kwenye vyombo hivi vya mtumba, kitu ambacho mara nyingi utakikuta hakipo ni nembo ya mbele kwenye boneti. Imevunjika, imepauka, au yamebaki matundu matupu. Hapo yanakuja maswali mawili: naibadilishaje? Na je, nembo ina maana yoyote? La kwanza ni kazi ya nusu siku. La pili linaweza kukuokolea mamilioni.

Kwa nini usiache matundu wazi

Nembo nyingi ni plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa. Jua letu linaikausha, tope linaganda juu yake, halafu kijana wa kuosha anakuja na brashi ngumu au mashine ya presha. Inaachia upande mmoja, kesho haipo.

Kukosa nembo siyo hasara kubwa. Hasara ni yale matundu. Boneti ni bati jembamba, na pembeni mwa tundu rangi huwa imeshachubuka. Maji ya mvua yakiingia hapo kutu inatambaa chini ya rangi bila wewe kuiona. Ukija kushtuka, rangi imevimba na kazi imekuwa ya fundi bodi. Kwa hiyo shughulikia kiangazi, kabla mvua hazijaanza.

Jua aina ya nembo yako

Fungua boneti uangalie kwa ndani. Ukiona nati au klipu, nembo yako ni ya pini. Usipoona kitu, ni ya gundi. Ukienda dukani, iwe Ifakara mjini, Morogoro au Kariakoo, nenda na nembo ya zamani hata kama ni kipande. Kama haipo kabisa, pima umbali kati ya matundu kwa rula. Nembo mbili zinaweza kufanana usoni na pini zikapishana, ukalazimika kutoboa boneti upya.

Hatua za kubadilisha

1. Weka gari kivulini, boneti ipoe. Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni, futa.

2. Bandika selotepu ya karatasi kuzunguka nembo ya zamani. Hiyo ndiyo alama yako ya kukuonyesha ya mpya itakaa wapi. Bila alama, nembo itakaa upande na utaiona kila siku.

3. Ya pini: fungua nati au bana klipu kwa ndani, sukuma taratibu. Ya gundi: ipashe joto kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto au draya ya saluni. Kisha pitisha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki nyuma yake, uvute huku na huku kama unakata kwa msumeno. Usitumie bisibisi wala kisu, utachuna rangi.

4. Gundi iliyobaki isugue kwa kidole mpaka ijikunje. Inayogoma ilainishe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, halafu osha kwa sabuni, kausha, malizia kwa spiriti. Mafuta yakibaki, nembo mpya haitashika.

5. Kama kuna kutu kwenye tundu, piga msasa mpaka bati ling'ae, paka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi. Acha ikauke vizuri. Kama nembo mpya haina pini, ziba matundu kwanza kwa plagi za raba au puti.

6. Bandika kwa tepu ya sponji ya pande mbili, ile ya magari. Bonyeza kwa nguvu kama nusu dakika, usiioshe mpaka siku ya pili. Supagluu iache: ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na mtikisiko wa barabara zetu unaipasua.

Tahadhari moja: kwenye baadhi ya magari mapya, nyuma ya nembo ya mbele kuna rada ya usalama. Hayo usiweke nembo yoyote tu, rada itaziba. Muulize fundi wa kampuni husika.

Nembo siyo kitambulisho

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Kama wewe umeweza kubadilisha nembo kwa nusu siku, na muuzaji anaweza. Siyo lazima awe tapeli, huenda alikosa ya asili akaweka iliyopatikana. Lakini wewe ukinunua chombo, au ukiagiza vipuri, kwa kusoma boneti, umecheza bahati nasibu.

Chukua Massey Ferguson, ambazo tumezizoea sana mashambani. Nembo ile ya pembetatu tatu imewekwa kwenye matrekta yaliyotengenezwa Coventry, Uingereza, na pia India na Pakistan. Kwa hiyo nembo haikwambii limetoka kiwanda kipi. Hata namba ya modeli ubavuni ni stika. MF 240 ina injini ya Perkins ya silinda tatu, MF 290 ina silinda nne. Mtu akikuuzia "290", fungua boneti uhesabu nozeli. Zikiwa tatu, stika inadanganya, na bei nayo inadanganya. Trekta hilo halitavuta jembe la mbugani kama ulivyopanga, na hapo kalenda yako yote ya kupanda imeharibika.

Kwa Hilux za dizeli za zamani, angalia namba iliyogongwa kwenye injini. Ikianza na 2L ni lita 2.4, 3L ni lita 2.8, 5L ni lita 3.0. Vipuri nunua kwa namba hiyo, siyo kwa maandishi ya ubavuni.

Kabla hujatoa hela

- Soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye kibati tu. Kibati kinabandulika kama nembo.
- Soma namba ya injini. Zote mbili zilinganishe na kadi ya usajili, herufi kwa herufi.
- Ukiona sehemu ya namba imepigwa msasa, imechomelewa au ina rangi mpya peke yake, ondoka. Hata kama bei ni tamu.
- Nenda na fundi wako, siyo fundi aliyeletwa na muuzaji.

Ukishajiridhisha na namba, nunua hata kama boneti haina nembo. Na kwenye bei, nembo iliyovunjika ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe. Wewe unajua kuirudisha.

Maandalizi mema ya msimu.