Je, Wajua? Pembetatu Nyekundu Si Lazima Betri Imekufa

Toyota Prius ya 2003–2009 ikiwasha pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, usikimbilie kununua betri kubwa. Taa hiyo husema tu kwamba kuna hitilafu. Ni ipi, hutajua mpaka gari lipimwe kwa kompyuta. Kompyuta ikionyesha namba ya hitilafu P0A80, huelekeza kwenye betri hiyo kubwa ya volti 201.6, P0A93 kwenye upoozaji wa inveta, ambako mara nyingi pampu ndiyo mbovu.

Betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Mkungu wa ndizi ukilazwa hapo kutoka Muleba hadi Bukoba, hewa haipiti. Vumbi la barabara za vijijini nalo hugandamana kwenye feni. Mwambie fundi aisafishe kwanza. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa, umeme wake unaua.