Mti Mbichi na Mti Mkavu

Bonde la Yaeda Chini liko chini ya nyanda za juu za Mbulu, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Eyasi. Ni nchi ya joto na mvua haba, yenye mibuyu, migunga, na miti mingine mingi yenye miiba. Wakaao huko ni Wahadza, ambao tangu zamani huwinda na kurina asali. Wadatoga, ambao ni wafugaji. Na Wairaqw, ambao hulima na kufuga. Kazi zao ni mbalimbali, lakini wote huhitaji miti kila siku: miti ya kupikia, na miti ya kutengenezea vyombo. Ajuaye tofauti ya mti mbichi na mti mkavu hupunguza taabu katika kazi zote mbili.

Kwanza, habari ya moto. Mhadza akitaka moto porini, naye hana kiberiti, huchukua vijiti viwili vikavu. Kimoja, kilichochongwa kitundu kidogo ubavuni, hukilaza chini na kukishika kwa mguu. Cha pili hukisimamisha kitunduni, akakipekecha upesi kati ya viganja vyake. Baada ya kitambo unga mweusi hutoka, ukaanza kufuka moshi. Ndipo huutia katika majani makavu na kuupuliza mpaka moto uwake. Lakini vijiti vikiwa na unyevu, mtu aweza kupekecha hata viganja vikachubuka, asipate moto.

Sababu yake ni nini? Mti ulio hai hunywa maji kwa mizizi, nayo hujaa shinani na matawini. Gogo lililokatwa leo laweza kuwa na maji kadiri ya nusu ya uzito wake. Maji hayawaki. Sharti moto uyageuze kwanza kuwa mvuke, ndipo kuni zishike vizuri. Na kazi hiyo si ndogo: joto litakiwalo kugeuza maji yachemkayo kuwa mvuke ni zaidi ya mara 5 ya lile litakiwalo kuyatoa katika baridi ya barafu hata yachemke. Basi apikiaye kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya moto wake kukausha kuni, wala si kuivisha chakula.

Hasara nyingine ni moshi. Moshi wa kuni mbichi huumiza macho na kifua, hasa vya mama apikaye na vya mtoto aliye mgongoni mwake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2020 hewa iliyochafuliwa na moto wa majumbani iliua watu kama milioni 3.2 ulimwenguni. Kwa hiyo yafaa kuni zipasuliwe mapema, maana maji hutoka upesi penye mpasuko kuliko penye gome. Kisha zipangwe juu ya mawe, mahali penye upepo, na wakati wa mvua zifunikwe juu tu. Kuni kavu hujulikana: ni nyepesi, nchani zina nyufa, na zikigonganishwa hulia kwa sauti kali.

Lakini mti mbichi nao una kazi yake. Mhadza atengenezapo upinde hukata mti mbichi, akaumenya gome, akauchonga kwa kisu, na kuupasha moto ili aupinde apendavyo. Hata mishale huipasha moto, akainyosha kwa meno. Maji na joto hulainisha nyuzi za mti, na ukiisha kukauka hushika umbo lile lililopewa. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi yafaa kwa miti pia.

Fundi wa kerezo naye hana budi kuyajua mambo haya. Mti ukaukapo hunywea, wala haunywei sawasawa pande zote. Kwa urefu haupungui sana; lakini kwa kuzunguka gogo hupungua kadiri ya mara 2 ya upungufu wa kutoka moyoni kwenda gomeni. Ndiyo sababu gogo zima likiachwa juani hupasuka. Kwa hiyo fundi hulipasua gogo kwa kupitia moyo wake, hupaka nta nchani ili maji yasitoke kwa haraka, na kuliweka kivulini muda mrefu. Mpingo, ambao ni mzito hata huzama majini, hukauka polepole sana. Nao ndio ukerezwao kufanya zumari za Ulaya ziitwazo klarineti. Na Uingereza kuna mti uitwao holly, wenye mbao nyeupe zipendwazo na wakerezaji; ndugu yake humea katika misitu ya milima ya Tanzania, kama Kilimanjaro. Wazee wa Uingereza husema kwamba holly huwaka hata ukiwa mbichi. Kweli huwaka, lakini ukikauka huwaka vizuri zaidi, maana maji ni maji katika kila mti.

Jambo hili lina uzito katika Yaeda Chini, kwa sababu msitu uliofyekwa katika nchi kavu haurudi kwa msimu mmoja. Mwaka 2011 Wahadza wa bonde hilo walipewa hati ya kimila ya ardhi yao, eneo la zaidi ya hekta 20,000. Tena wamepata fedha kwa kuilinda miti isikatwe. Kwa kuwa miti iliyosimama huweka ndani yake kaboni, ambayo ikizidi hewani huongeza joto la dunia. Fedha hizo zimesaidia kulipa walinzi wa msitu, ada za shule, na matibabu.

Basi aokotaye tawi lililokufa hupata kuni zilizo tayari, na mti hubaki. Bali aangushaye mti ulio hai ili apikie jioni ile ile hupata hasara tatu: macho yake hujaa moshi, chungu chake hakichemki upesi, na kesho yake hakuna kivuli.