Viarifu vya Upili katika Kituruki: Umbo, Nafasi na Maana

Ikisiri

Makala haya yanafafanua viarifu vya upili katika Kituruki, lugha ambayo kivumishi chake hakichukui upatanisho wowote. Yanadai kwamba kiarifu cha upili hakitambuliki kwa umbo lake, bali kwa nafasi yake katika sentensi na kwa uhusiano wake wa kimaana na kiima au yambwa.

1. Utangulizi

Kiarifu cha upili ni kirai ambacho, ndani ya sentensi yenye kitenzi kikuu, huarifu hali ya kiima au ya yambwa. Halliday (1967) alibainisha aina mbili: ya hali, inayoeleza kitu kilivyo tendo linapofanyika, na ya matokeo, inayoeleza kitu kinavyokuwa kutokana na tendo. Kituruki huzishughulikia aina hizi kwa njia tofauti kabisa.

2. Viarifu vya hali

(1) Ali eti çiğ yedi. 'Ali aliila nyama ikiwa mbichi.'
(2) Ali çiğ eti yedi. 'Ali aliila ile nyama mbichi.'
(3) Ali eve yorgun döndü. 'Ali alirudi nyumbani akiwa amechoka.'

Maneno ya (1) na (2) ni yaleyale, na çiğ '-bichi' haibadiliki. Kinachozitofautisha ni nafasi. Kivumishi cha Kituruki hutangulia nomino kinayoifafanua, kama ilivyo katika (2). Katika (1) kinafuata yambwa yenye kiambishi tamati -i. Kwa hiyo kimo nje ya kirai nomino, nacho huarifu. Yambwa isiyo na kiambishi hicho kwa kawaida hukaa jirani na kitenzi. Ndiyo maana katika Ali çiğ et yedi 'Ali alikula nyama mbichi', çiğ ni sifa ya nomino tu.

3. Kielezi au kiarifu?

Linganisha (3) na (4):

(4) Ali güzel konuştu. 'Ali alizungumza vizuri.'

Katika sentensi zote mbili kivumishi kisicho na kiambishi kinatangulia kitenzi. Mchambuzi anayetazama umbo peke yake ataviita vyote vielezi. Maana inakataa. Ikiwa (3) ni kweli, basi Ali yorgundu 'Ali alikuwa amechoka' lazima iwe kweli kwa wakati huohuo. Ukweli wa (4) hautulazimishi kukubali Ali güzeldi 'Ali alikuwa mzuri'. Yorgun huarifu Ali. Güzel hufafanua namna ya kuzungumza.

Nomino huhitaji msaada zaidi:

(5) Ali öğretmen olarak çalışıyor. 'Ali anafanya kazi kama mwalimu.'

Olarak ni kitenzi ol- 'kuwa' chenye kiambishi cha utegemezi -arak. Hata hivyo, baada ya vitenzi vya uteuzi nomino husimama peke yake: Onu müdür seçtiler 'Walimchagua kuwa mkurugenzi'.

4. Matokeo

(6) Ali duvarı kırmızıya boyadı. 'Ali aliupaka ukuta rangi nyekundu.'
(7) Ali demiri döverek yassılttı. 'Ali alikifanya chuma kuwa bapa kwa kukigonga.'

Katika (6) rangi huchukua kiambishi cha uelekeo -ya, kana kwamba ukuta umepelekwa kwenye wekundu. Katika (7) matokeo yamo ndani ya kitenzi kikuu cha usababishi, na kugonga kumeshushwa kuwa kitenzi tegemezi. Ali demiri yassı dövdü kwa kawaida haitoi maana hiyo. Kwa hiyo, kivumishi kisicho na kiambishi, ambacho huarifu hali kwa urahisi, hakitoshi kuarifu matokeo.

5. Mfasiri wa Kiswahili

Tafsiri za (1) na (3) zimetumia ikiwa na akiwa. Kiambishi cha kiima kinamlazimisha mfasiri kumtaja mwenye hali, jambo ambalo Kituruki huliachia nafasi na muktadha. Lakini msaada huo una mpaka. Katika Ali alimwona Asha akiwa amelewa, kiima na yambwa ni wa ngeli moja, na a- haisemi nani alilewa. Mfumo wa ngeli hupunguza utata, hauuondoi.

6. Hitimisho

Kukosekana kwa upatanisho si kukosekana kwa kiarifu. Anayeita çiğ na yorgun vielezi kwa sababu tu havina kiambishi anapoteza swali la msingi: nani, au nini, kinaarifiwa? Katika Kituruki, swali hilo hujibiwa na sintaksia na semantiki kwa pamoja.