Haja za Moyo na Istilahi za Unasihi

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri wa vitabu vya saikolojia ni ile ya mahitaji ya kihisia yasiyokidhiwa. Maneno yenyewe si mageni. Ugumu umo katika kazi nyingine ambazo maneno hayo yamekwisha kuzizoea.

Mtu akitumwa dukani kununua mahitaji, hurudi na chumvi, sabuni na kiberiti. Basi mnasihi anayemwuliza mama aliyefiwa, "Una mahitaji gani?", asishangae akijibiwa kwamba unga umekwisha. Jibu ni sahihi. Swali ndilo lililopotoka. Neno haja nalo lina mashaka yake, maana kwenda haja kila mtu anajua ni kwenda wapi. Hata hivyo, likifungamanishwa na moyo, husikika vizuri na hueleweka bila maelezo.

Lisilofaa kabisa ni tamaa, wala matakwa. Mwaka 1943 Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliweka hitaji la kupendwa na kuwa mmoja wa wenzake, pamoja na lile la kuheshimiwa, katika orodha moja na chakula na usalama. Maana yake ni kwamba tamaa ikinyimwa, mtu hununa kisha husahau. Hitaji likinyimwa, mtu hudhurika. Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayewachokoza wenzake kila siku. Mwalimu akiandika katika ripoti kwamba mtoto huyo "anataka kutazamwa", msomaji wa ripoti atafikiria adhabu. Akiandika kwamba "amekosa wa kumjali", msomaji huyo huyo atauliza habari za nyumbani kwake. Kosa la neno moja hapa humwangukia mtoto.

Kuhusu hisia, yafaa tuliache neno hisi kwa kuona, kusikia na mengineyo ya mwili, na hisia tulitumie kwa furaha, huzuni, hofu na wivu. Jazba ni kali mno: mwenye jazba amekwisha kupandwa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Ushauri nasaha ni maneno mawili yenye asili ya Kiarabu, na yote mawili huelekea kwenye kumpa mtu maoni. Isitoshe, shauri ni kesi pia, na wengi huja kwa mshauri wakingoja hukumu: mume au mke, nani mwenye makosa? Lakini tangu Carl Rogers alipotoa kitabu chake mwaka 1942, sehemu kubwa ya taaluma hii imeshika njia nyingine. Mnasihi husikiliza, huyarudisha maneno ya msemaji kwa namna nyingine, na humwacha agundue mwenyewe kilichojificha chini ya hasira yake, aghalabu upweke au kutothaminiwa. Istilahi ushauri nasaha imekwisha kuenea, hasa kwa sababu ya huduma za UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kuipiga vita ni kazi bure. Katika maandishi ya kitaalamu, hata hivyo, unasihi, mnasihi na mnasihiwa ni maneno mafupi yanayonyambulika vizuri, nasi twayapendelea, mradi mfasiri aeleze mara ya kwanza kwamba kazi hii si kutoa amri. Mteja laweza kufaa pia, kwani mganga naye ana wateja. Tatizo ni kwamba muuza duka anao vilevile.

Kwa fomu na vijitabu vya wananchi, istilahi hizi zote zaweza kuwekwa kando. Kiswahili kina dukuduku, kinyongo, simanzi, na kitenzi kukosa kinachobeba mzigo wote. Badala ya "Taja mahitaji yako ya kihisia yasiyokidhiwa", na iandikwe: "Ni kitu gani unachokikosa kwa wale unaoishi nao?"