Kumpata Fundi wa Paa wa Kuaminika Baada ya Upepo Mkali

Fundi wa paa anayeaminika hutambulika kabla hajapiga msumari hata mmoja, kwa namna anavyokagua. Upepo unapoezua nyumba Mwenge au Temeke, macho ya wengi huishia kwenye mabati yaliyoruka, ilhali kasoro mara nyingi iko chini yake. Upepo hunyanyua paa kuanzia ukingoni na kwenye kofia. Papi zikiwa zimeoza, misumari ikiwa mifupi au kenchi zikiwa hazikufungwa ukutani, bati huondoka na mbao zake. Kimbunga Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024, kilikumbusha uzito wa vifungo hivyo.

Ukaguzi wa kweli hufanyika darini na juu ya paa. Fundi huchoma mbao kwa bisibisi kujua kama zimeoza au zimeliwa na mchwa, hutazama kama kenchi zimeshikwa ukutani kwa nondo au waya mnene, kisha huangalia matundu ya misumari. Tundu lililopanuka halifai kurudishiwa msumari uleule, maana litavuja na kulegea tena. Iwe bati la msauzi au la mgongo mdogo, msumari wa kawaida wa bati hupigwa juu ya mgongo, kwani bondeni ndiko maji yanakopita. Anayetaja bei akiwa amesimama uani bado hajui anachokwenda kutengeneza.

Baada ya ukaguzi huja sifa. Cheti cha VETA huonyesha kuwa fundi amesomea kazi. Kampuni huhakikiwa katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ushahidi mzito zaidi ni nyumba alizopaua ambazo zimepita walau masika moja, Machi hadi Mei, na wenyewe wako tayari kuzungumza.

Vifaa ni heri mwenye nyumba avinunue mwenyewe kwa orodha ya fundi na kudai risiti. Geji isomwe kwenye bati lenyewe: namba ikipanda, bati huwa jembamba, hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 30. Mbao ziwe za dawa.

Makubaliano yaandikwe: kazi itakayofanyika, bei ya ufundi, siku za kumaliza, na nani atabeba gharama paa likivuja. Yasainiwe mbele ya mashahidi, ikiwezekana katika ofisi ya serikali ya mtaa. Malipo yaende kwa awamu kufuata kazi iliyoonekana, na fungu la mwisho litolewe paa likishajaribiwa kwa maji.

Mvua inayotishia kurudi isimharakishe mwenye nyumba. Turubai lililofungwa vizuri humpa siku kadhaa za kuchagua. Fundi anayedai fedha yote mapema na kukataa maandishi asipewe kazi, hata bei yake ikiwa ndogo kuliko zote.