Namba za Besiboli na Maajabu Yake

Katika besiboli hakuna tukio lisiloandikwa. Kila mpira unaorushwa, kila pigo na kila kosa la mlinzi huingia katika daftari la mtunza kumbukumbu, na desturi hiyo ni ya tangu karne ya 19. Anayetajwa sana kuwa mwasisi wake ni Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Exeter, Uingereza, aliyehamia Marekani angali mdogo na kuwazoesha wasomaji wa magazeti ya New York kuufuatilia mchezo wa jana katika jedwali la namba. Leo ligi kuu ya Marekani ina timu 30. Kila timu hucheza mara 162 kwa msimu, kwa hiyo huchezwa mechi 2,430 kabla ya mtoano kuanza. Penye matukio mengi kiasi hicho, ya nadra hayakosi kutokea, na mashabiki wameyakusanya kwa bidii kubwa. Mwaka 1971 watafiti 16 walikutana Cooperstown, jimbo la New York, penye jumba la makumbusho la besiboli, wakaunda chama cha utafiti kinachojulikana kwa kifupi chake, SABR.

Thamani ya maajabu hayo ni kwamba kila moja, likichunguzwa, huonyesha namba fulani inahesabu nini na inaacha nini. Ili kuyafuata inatosha kujua mambo machache kuhusu mchezo wenyewe. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu nyingine, ambaye ameshika gongo. Mpigaji akiupiga na kuwahi kituo cha kwanza bila kutolewa na bila msaada wa kosa la walinzi, huandikiwa pigo safi. Akizunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia, timu yake hupata pointi 1. Pigo linalovuka uzio huitwa homurani. Timu hupiga mpaka wachezaji wake 3 watolewe, ndipo hubadilishana na wenzao, na mechi ina vipindi 9. Ushindi wa kawaida, basi, huhitaji kuwatoa wapinzani mara 27.

Kipimo maarufu kuliko vyote ni wastani wa upigaji: mapigo safi kugawanywa kwa zamu rasmi za kupiga. Mwenye 0.300 huhesabiwa kuwa mpigaji hodari, ingawa hushindwa mara 7 katika kila zamu 10. Katika ligi za American na National, zinazounda ligi kuu ya leo, hakuna aliyefikisha 0.400 kwa msimu mzima tangu Ted Williams wa Boston Red Sox mwaka 1941. Siku ya mwisho ya msimu ule ilipokucha alikuwa na mapigo safi 179 katika zamu 448, yaani 0.39955, ambayo ikikadiriwa kwa tarakimu tatu ni 0.400 kamili. Angeweza kukaa benchi na rekodi ingehesabika. Alicheza mechi zote mbili za siku hiyo mjini Philadelphia, akapata mapigo safi 6 katika zamu 8, na kumaliza na 0.406. Isitoshe, kanuni za mwaka ule zilihesabu kuwa ni zamu iliyopotea pale mpigaji alipotolewa kwa mpira wa juu uliomwezesha mwenzake kufunga pointi. Kwa kanuni za sasa zamu hizo zingeachwa, na wastani wa Williams ungekuwa mkubwa zaidi.

Wastani huo hauhesabu pia zamu ambayo mrushaji amekosea mara 4 na kumpa mpigaji kituo cha kwanza bure. Mwaka 2004 Barry Bonds wa San Francisco Giants alipewa kituo bure mara 232, nyingi kwa makusudi, maana warushaji waliogopa kumpa mpira wa kupiga. Wastani wake wa upigaji ulisomeka 0.362, lakini ukihesabu kila njia ya kufika kituoni, alifanikiwa katika zaidi ya zamu 60 kati ya kila 100. Namba ya kwanza inamwonyesha mpigaji bora. Ya pili inamwonyesha mtu ambaye kumtoa lilikuwa jambo la bahati.

Wastani wowote hudanganya pale hesabu inapokuwa ndogo. Tarehe 29 Septemba 1963 John Paciorek, kijana wa miaka 18, aliichezea timu ya Houston mechi yake ya kwanza, akapata mapigo safi 3 katika zamu 3. Maumivu ya mgongo yalimzuia kurudi ligi kuu, kwa hiyo wastani wake wa maisha ni 1.000, ambao hakuna bingwa aliyewahi kuukaribia. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani Afrika kufika ligi kuu, alipata pigo safi katika zamu yake ya kwanza akiwa na Pittsburgh Pirates tarehe 26 Aprili 2017. Kwa muda huo naye alikuwa na 1.000. Zamu zilipoongezeka, wastani wake ulishuka chini ya 0.200. Kwa sababu hiyo ligi humtaka anayewania taji la upigaji awe ameingia uwanjani kupiga angalau mara 502 kwa msimu.

Ajabu linalowasumbua hata walimu wa hisabati limo katika namba za wapigaji Derek Jeter na David Justice. Mwaka 1995 Jeter alipata mapigo safi 12 katika zamu 48, wastani wa 0.250. Justice alipata 104 katika 411, wastani wa 0.253, kwa hiyo alikuwa mbele. Mwaka 1996 Jeter alipata 183 katika 582, wastani wa 0.314. Justice alipata 45 katika 140, wastani wa 0.321, akawa mbele tena. Jumlisha miaka yote miwili: Jeter ana 195 katika 630, wastani wa 0.310, na Justice ana 149 katika 551, wastani wa 0.270. Aliyeshindwa kila mwaka ameshinda kwa miaka miwili, tena kwa pengo kubwa. Hakuna hila yoyote hapo. Zamu nyingi za Jeter ziliangukia mwaka wake mzuri, na zamu nyingi za Justice ziliangukia mwaka wake mbaya, kwa kuwa mwaka 1996 alipatwa na jeraha mapema. Wastani wa wastani mbili si wastani wa jumla, mpaka uzito wa kila mmoja uingizwe. Wanatakwimu huliita ajabu hilo kitendawili cha Simpson, na humo humo wameteleza watafiti wa tiba na wa elimu waliolinganisha hospitali au vyuo bila kuangalia idadi ya watu katika kila kundi.

Matokeo ya mechi nayo yana kitendawili cha aina hiyo. Katika fainali ya mwaka 1960, mshindi alikuwa wa kwanza kushinda mechi 4. New York Yankees walishinda mara tatu kwa 16–3, 10–0 na 12–0. Pittsburgh Pirates walishinda mara nne, kwa 6–4, 3–2, 5–2 na 10–9, ya mwisho ikiamuliwa na homurani ya Bill Mazeroski katika kipindi cha 9. Kwa jumla Yankees walifunga pointi 55 na Pirates 27, na kombe likaenda Pittsburgh. Zawadi ya mchezaji bora wa fainali hiyo alipewa Bobby Richardson wa Yankees, na mpaka leo hakuna mwingine aliyeipata akiwa upande ulioshindwa.

Rekodi za maisha yote ya mchezaji zina tabia yake: mara nyingi mwenye mafanikio mengi kuliko wote ndiye pia mwenye makosa mengi kuliko wote. Cy Young ameshinda mechi 511 akiwa mrushaji, rekodi ambayo hakuna anayeikaribia, na ndiye pia aliyepoteza nyingi kuliko mrushaji yeyote, zaidi ya 310. Nolan Ryan anaongoza kwa kuwatoa wapigaji kwa kukosa mpira mara 3, jumla 5,714, na anaongoza pia kwa kuwapa wapigaji kituo bure, mara 2,795. Rickey Henderson aliiba vituo, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri pigo la mwenzake, mara 1,406, na hakuna aliyekamatwa akiiba mara nyingi kama yeye, 335. Pete Rose alipata mapigo safi 4,256 katika zamu 14,053, kwa hiyo zamu 9,797 ziliishia bila pigo safi. Kocha hampi mchezaji mbovu nafasi ya kukosea mara elfu kadhaa. Rekodi za makosa, basi, ni ushahidi wa ubora uliodumu muda mrefu.

Ubora wa Hank Aaron unaonekana vizuri kwa njia ya kutoa. Alipiga homurani 755. Ziondoe zote, kana kwamba hakuwahi kupiga hata moja, na bado atabaki na mapigo safi 3,016, na 3,000 ni idadi ambayo wachezaji wachache sana wameifikia. Stan Musial wa St. Louis Cardinals alimaliza akiwa na mapigo safi 3,630: 1,815 katika uwanja wa nyumbani na 1,815 ugenini. Ulingano huo kamili ni bahati, lakini unaeleza jambo la kweli, kwamba Musial hakutegemea uwanja wala mashabiki wake.

Rekodi inayojadiliwa kuliko zote ni ya Joe DiMaggio wa Yankees, aliyepata angalau pigo safi moja katika kila mechi kwa mechi 56 mfululizo, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 16 Julai 1941. Ugumu wake unaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Wastani wake mwaka ule ulikuwa 0.357, maana yake uwezekano wa kukosa katika zamu moja ni 0.643. Akipata zamu 4 kwa mechi, uwezekano wa kukosa zote ni takriban 0.17, na wa kupata angalau pigo moja ni takriban 0.83. Ukiizidisha namba hiyo kwa yenyewe mara 56, jibu ni kama 1 katika 36,000. Hesabu hiyo huchukulia kwamba warushaji wote ni sawa na kila mechi ina zamu zile zile, jambo ambalo si kweli, lakini inatoa picha ya ukubwa wa kazi. Mfululizo ulivunjika Cleveland tarehe 17 Julai, mlinzi Ken Keltner alipozuia mapigo yake mawili makali. Keshoye DiMaggio alianza mfululizo mwingine wa mechi 16. Katika zile mechi 56 wastani wake ulikuwa 0.408, na katika muda huo huo Ted Williams alikuwa na 0.412.

Kwa warushaji, kilele ni mchezo kamili: kuwatoa wapinzani 27 bila hata mmoja kufika kituoni. Hadi mwisho wa msimu wa 2024 ilikuwa imepatikana 24 tu katika historia yote ya ligi kuu. Uchungu mkubwa zaidi ni wa Harvey Haddix wa Pirates. Tarehe 26 Mei 1959 aliwatoa wapigaji 36 mfululizo wa Milwaukee Braves, vipindi 12 vizima, lakini timu yake haikufunga. Kosa la mlinzi katika kipindi cha 13 liliwafungulia wapinzani mlango, pigo la Joe Adcock likafuata, na Haddix akashindwa 1–0. Lew Burdette wa Braves aliruhusu mapigo safi 12 usiku ule na ndiye aliyeandikiwa ushindi. Mchezo wa Haddix haumo katika orodha ya michezo kamili. Uamuzi huo unafuata kanuni, lakini hakuna mrushaji aliyewahi kufanya kazi bora zaidi katika mechi moja.

Ratiba nayo huzaa mambo yake. Tarehe 4 Agosti 1982 Joel Youngblood alipata pigo safi mchana akiwa na New York Mets mjini Chicago, akaarifiwa kwamba amehamishiwa Montreal Expos, akaruka hadi Philadelphia na kupata jingine usiku kwa timu mpya. Danny Jansen alimzidi. Tarehe 26 Juni 2024 mvua ilisimamisha mechi ya Toronto Blue Jays na Boston Red Sox akiwa katikati ya zamu ya kupiga kwa ajili ya Toronto. Mwezi uliofuata alihamia Boston. Mechi ilipoendelezwa tarehe 26 Agosti, Jansen alikuwa mdakaji wa Boston, akiwa amechuchumaa nyuma ya mchezaji aliyeingia kuimalizia zamu aliyoianza yeye mwenyewe. Hakuna mwingine katika ligi kuu aliyezichezea timu zote mbili katika mechi moja.

Daftari lenyewe halikukamilika kamwe. Hack Wilson wa Chicago Cubs aliaminika kwa karibu miaka 70 kuwa aliwezesha pointi 190 mwaka 1930. Watafiti walipolipekua upya jedwali la mechi moja waligundua pointi yake iliyoandikiwa mwenzake, na mwaka 1999 ligi ikakubali kuwa ni 191. Sahihisho zito zaidi lilihusu watu, si tarakimu. Mpaka mwaka 1947 wachezaji weusi walizuiwa kucheza ligi kuu, wakacheza katika ligi zao zilizoitwa Negro Leagues, ambazo namba zake ziliachwa nje ya vitabu rasmi. Watafiti walikusanya matokeo yake kutoka magazeti ya zamani, mechi baada ya mechi, na Mei 2024 ligi kuu iliziingiza takwimu za miaka ya 1920 hadi 1948 katika kumbukumbu zake. Josh Gibson, aliyefariki Januari 1947, miezi mitatu kabla mchezaji mweusi Jackie Robinson hajafunguliwa mlango wa ligi kuu na Brooklyn Dodgers, sasa anaongoza orodha ya wastani wa upigaji wa maisha kwa 0.372, na Ty Cobb, aliyekuwa juu ya orodha hiyo kwa miongo mingi, ni wa pili.